Pumu ikibana mara kumi, ni mara ngapi mtu hufika dharura?

#1 MzaziMacho
Wakuu, habari zenu. Binti yangu ana miaka sita. Ndani ya miezi minne tumekimbia naye kitengo cha dharura mara tatu, zote usiku, zote kwa pumu. Mara ya tatu daktari aliniuliza, "Tangu mlipokuja mara ya mwisho, kifua kimembana mara ngapi?" Nikajibu upesi kwamba hakijambana. Mke wangu akanikazia macho, akaanza kuhesabu kwa vidole: ile asubuhi aliyokwama katikati ya ngazi, ile siku ya vumbi, siku mbili za mafua, usiku aliolala ameketi. Vidole vikafika tisa. Mara tisa, na hospitali ilikuwa haijui hata moja.

Tangu siku hiyo swali limeniganda. Kama nyumba moja iko hivyo, mji mzima je? Katika kila mara kumi mtu anapobanwa, ni ngapi zinafika dharura? Dai langu ni kwamba hospitali zinaona moja katika kumi au pungufu, na kwa hiyo takwimu za dharura haziwezi kutuonyesha hali ya pumu ya mji. Mwenye kujua anisahihishe.

#2 Kifua_Chuma
Pole kwa binti. Mimi pumu naishi nayo mwaka wa thelathini na moja, na dharura nimeingia mara mbili tu. Napuliza pampu yangu, nakaa dakika chache, naendelea na shughuli. Nadhani wazazi wa siku hizi mnaogopa mapema. Kwa hesabu yangu mimi ni moja katika mia mbili.

#3 NesiWaZamu
Kifua_Chuma, nitarudi kwako, usiende mbali.

MzaziMacho, nimefanya kazi dharura zamu za usiku miaka kumi na miwili. Jambo la kwanza: rejista yetu inahesabu mahudhurio, haihesabu watu. Mtoto akija mara sita ni mistari sita. Wapo ninaowajua kwa majina na kwa miluzi ya vifua vyao, na wapo wenye pumu wengi mjini ambao hatutawaona kamwe.

La pili, si kila mstari wa pumu ni shambulio kali. Kuna aliyekuja kwa sababu pampu imemwishia na kliniki imefungwa. Kuna aliyekuja kwa sababu ya hofu, na sina neno naye, hofu ya kukosa pumzi ni hofu ya kweli. Kuna aliyeletwa hawezi kutamka jina lake. Wote wanaandikwa neno moja.

Halafu watoto wadogo. Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata mafua kifua kinaweza kulia miluzi bila kuwa na pumu. Daktari mmoja ataandika pumu, mwenzake ataandika maambukizi ya njia ya hewa. Hata kabla hujaanza kugawanya, namba yenyewe ya kugawanywa ina mchanganyiko.

#4 Hesabu_Kwanza
Tuchukue nchi inayohesabu sana. Marekani wenye pumu ni karibu milioni 25. Takriban wanne katika kumi husema wamepata angalau shambulio moja ndani ya mwaka, yaani kama watu milioni 10. Mahudhurio ya dharura ambayo sababu yake kuu ni pumu yalikuwa karibu milioni 1.6 mwaka 2017. Gawanya 1.6 kwa 10, unapata 16 katika mia. Ni karibu moja katika sita. MzaziMacho yuko jirani na ukweli, Kifua_Chuma yuko mbali.

#5 Jirani_wa_Tatu
Hesabu_Kwanza, umegawanya mahudhurio kwa watu. Nesi ametoka kuonya hapo #3. Wale milioni 10 ni waliopata *angalau* shambulio moja. Binti wa MzaziMacho, kwa vidole vya mama yake, ana tisa, lakini katika hiyo milioni 10 yeye ni mtu mmoja tu. Ukihesabu mashambulio badala ya watu, hiyo moja katika sita inashuka.

#6 Hesabu_Kwanza
Nimekubali, nilikimbilia kugawanya. Basi moja katika sita tuiite dari. Jibu lenyewe liko chini yake mahali fulani.

#7 HewaSafi
Mnabishana juu ya namba na kuacha chanzo. Mji wenye magari mengi utapeleka watu wengi dharura, mji usio nayo utapeleka wachache. Mwaka 1996 Atlanta ilipoandaa Olimpiki walizuia magari binafsi katikati ya jiji na kuongeza mabasi. Msongamano wa asubuhi ulipungua zaidi ya asilimia 22, gesi ya ozoni ilipungua zaidi ya robo, na matukio ya dharura ya pumu kwa watoto wenye bima ya serikali yalipungua asilimia 41. Ushahidi gani mwingine mnataka?

Na msisahau Ella Kissi-Debrah wa London. Alikuwa na miaka 9, akiishi karibu na barabara kuu yenye magari mengi. Alifariki Februari 2013 baada ya kufikishwa hospitali karibu mara 30. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza uamuzi wa namna hiyo kutolewa. Mtoto mmoja, mara karibu 30. Sasa niambieni tena habari ya wastani.

#8 Msomaji_Kimya
HewaSafi, la Ella ni kweli na linauma. La Atlanta lina mwendelezo. Utafiti ulioleta ile asilimia 41 ulichapishwa 2001. Miaka kama tisa baadaye watafiti wengine walirudi kwenye jiji hilohilo, wakakusanya rekodi za dharura kutoka hospitali nyingi zaidi, wakalinganisha na majira yaleyale ya miaka mingine. Hawakuona mahudhurio ya dharura yakipungua waziwazi. Waliona pia kwamba ozoni ilishuka hata kwenye maeneo ya mbali ambayo hayakuwa na Olimpiki, maana yake hali ya hewa ya majuma yale ilikuwa na mkono wake.

Sisemi moshi hauna madhara. Nasema mfano huu hauwezi kubeba mzigo uliomtwisha.

#9 HewaSafi
Hilo la mwendelezo sikulijua, ahsante. Bado nabaki na upande wangu. Angalieni Scotland walipopiga marufuku uvutaji sigara ndani ya majengo ya umma mwaka 2006. Kabla ya sheria, watoto waliolazwa kwa pumu walikuwa wakiongezeka kama asilimia 5 kwa mwaka. Baada ya sheria wakaanza kupungua kama asilimia 18 kwa mwaka. Moshi ni moshi.

#10 Jirani_wa_Tatu
Ni kulazwa hiyo, HewaSafi, siyo kufika dharura. Wengi wanaofika dharura hupewa dawa, husubirishwa saa chache, hurudi nyumbani. Mwulize Nesi.

#11 NesiWaZamu
Ni kweli, wengi hawalazwi. Pia usiku ambao vitanda vimejaa, anayerudishwa nyumbani leo angeweza kulazwa jana. Kulazwa kunapima na wodi pia.

#12 Bandarini
Mimi napenda kisa cha Barcelona. Kati ya 1981 na 1987 jiji lile lilipatwa na milipuko 26 ya pumu. Siku fulani watu wanafurika dharura wote pamoja, wengine mahututi, kesho yake kimya. Miaka inapita watu wanakuna vichwa. Mwishowe wakalinganisha siku za milipuko na shughuli za bandari, wakakuta zinaangukia siku meli zinaposhusha ngano. Ghala moja halikuwa na vichujio, vumbi likawa linaelea juu ya jiji. Walipofunga vichujio milipuko ikakoma.

#13 Msomaji_Kimya
Ni soya, Bandarini. Mengine uko sawa.

#14 Bandarini
Soya, naam! Nimekisimulia kisa hiki miaka mingi kwa ngano na hakuna aliyewahi kunizuia. Lakini hoja yangu ni hii: kama pale Barcelona wangekuwa na wastani wa mwaka tu, bila tarehe, wasingeona kitu. Mahudhurio ya dharura ndiyo yaliyofichua ghala. Kwa hiyo MzaziMacho, takwimu za dharura zina kazi yake hata kama zinaona moja katika kumi. Haziwezi kupima bahari, ila zinaonyesha wimbi.

#15 Chavua77
Kama Melbourne tarehe 21 Novemba 2016. Jioni moja ya radi. Chavua ya nyasi ilinyonya unyevu, ikapasuka vipande vidogo sana, na upepo wa dhoruba ukavishusha hadi kwenye pua za watu. Chavua nzima ni kubwa, huishia puani na kuleta chafya. Vipande hivyo vinafika ndani kabisa ya mapafu. Ndani ya saa 30 hivi hospitali zilipokea watu zaidi ya 3,000 juu ya idadi ya kawaida kwa matatizo ya kupumua, na 9 walifariki. Wengi wa waliofika hospitali hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Walikuwa na mafua ya mzio tu.

Kwa swali la MzaziMacho: usiku ule wengi walikimbilia dharura kwa sababu hawakuwa na pampu nyumbani. Huwezi kuchukua uwiano mmoja ukauita uwiano wa mji.

#16 Mwanasheria_Mpole
Waliofariki ni 10, ndiyo idadi ya uchunguzi wa vifo. Namba za siku za mwanzo zilikuwa chini kwa sababu wengine walifia wodini wiki za baadaye.

#17 Mama_Pacha
Naomba niandike kitu tofauti na takwimu. Kijana wangu alikuwa na miaka kumi na moja. Kifua kilianza kubana saa mbili usiku, kinapiga filimbi hadi tunasikia chumba cha pili. Tukampulizia. Saa sita filimbi ikanyamaza. Mimi na baba yake tukatazamana tukasema Mungu ametusaidia, mtoto amepata nafuu. Tukazima taa.

Dada yangu aliyekuwa amelala kwetu ndiye aliyeamka kwenda chooni akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda, midomo imebadilika rangi, hasemi. Hakuwa amenyamaza kwa nafuu. Alinyamaza kwa sababu hewa ilikuwa haipiti tena ya kutosha kupiga filimbi.

Alipona. Sasa ana miaka kumi na tisa na ananizidi kimo. Lakini nikisoma watu wanasema "wazazi mnaogopa mapema" mikono inanitetemeka. Sisi hatukuogopa mapema, tukachelewa.

#18 Kifua_Chuma
Mama_Pacha, nisamehe. Niliandika bila kufikiri.

#19 NesiWaZamu
Mama_Pacha, ahsante kwa kuandika. Tunakiita kifua kimya, na ni katika vitu ninavyoviogopa kuliko kelele yoyote. Kwa wasiojua, hizi ndizo dalili za kuondoka nyumbani bila kubishana: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu na shingo zinaingia ndani akivuta hewa, midomo au kucha zimekuwa za bluu au kijivu, amechoka na anasinzia, au pampu imepulizwa na haisaidii, au inasaidia kidogo na baada ya muda mfupi yuko palepale.

Mkiwa mnasubiri gari msikae mnatazamana. Mketisheni wima, msimlaze. Australia wanafundisha nne-nne-nne: pampu ya kufungua kifua mara nne kupitia spesa (kile kichumba cha plastiki kinachounganishwa na pampu), kila mpulizo avute pumzi nne, subiri dakika nne, kama hakuna nafuu rudia. Ikigoma tena, piga simu ya gari la wagonjwa na uendelee kumpulizia hivyohivyo hadi wafike.

Sasa Kifua_Chuma. Niliahidi. Hujaenda dharura, nakupongeza. Swali langu ni moja: kwa mwaka unamaliza pampu ngapi za bluu?

#20 Kifua_Chuma
Sijawahi kuhesabu. Nane? Labda tisa.

#21 Hesabu_Kwanza
Pampu moja ya kawaida ina mipulizo 200. Nane ni 1,600. Gawanya kwa siku 365, ni zaidi ya minne kwa siku, kila siku. Mkuu, hii safari nimegawanya vizuri?

#22 NesiWaZamu
Umegawanya vizuri sana.

Kifua_Chuma, sikutishi, nakuomba usome. Mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA unasema pampu tatu au zaidi za bluu kwa mwaka zinaambatana na hatari kubwa zaidi ya shambulio kali, na 12 au zaidi zinaambatana na hatari ya kifo. Pampu ya bluu hulegeza misuli ya njia za hewa, ndiyo maana unaona nafuu ndani ya dakika chache. Uvimbe ulio ndani haugusi. Unabaki, unaongezeka taratibu, na siku mafua yakija juu yake njia inafunga. Dawa inayogusa uvimbe ni ile ya steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kinga, na hiyo haileti raha ya papo hapo, kwa hiyo watu wanaiacha. Tangu 2019 mwongozo huo umeacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa pampu ya bluu peke yake.

Kwangu mimi jibu la uzi huu liko hapa. Wengi ninaowapokea usiku hawana dawa ya uvimbe, au wanayo imejaa vumbi kabatini. Muulizaji wa "mara ngapi dharura" aulize kwanza "wangapi wanavuta dawa ya kinga kila siku".

#23 HewaSafi
Nesi, nakuheshimu, ila hilo linaweka lawama yote kwa mgonjwa. Ella alikuwa na madaktari na dawa.

#24 NesiWaZamu
Silaumu mgonjwa. Nani alimwandikia Kifua_Chuma pampu nane bila kumwuliza? Uingereza walichunguza vifo vya pumu wakatoa ripoti 2014. Katika vifo 195, asilimia 45 walifariki bila kutafuta msaada wa daktari au kabla msaada haujawafikia. Hawa katika rejista ya dharura si hata mstari mmoja. Na wengi wa waliofariki walikuwa wakitibiwa kana kwamba pumu yao ni nyepesi au ya wastani. Mfumo ndio uliowaita wepesi.

#25 Jirani_wa_Tatu
Hiyo namba ya #24 inageuza swali zima. Tulikuwa tunadhani aliye dharura ndiye mwenye hali mbaya na aliye nyumbani ndiye mwenye nafuu. Kumbe karibu nusu ya waliofariki walikuwa upande wa "hawakufika". Mji wenye mahudhurio machache ya dharura unaweza kuwa mji wenye afya, au mji ambao watu wanafia njiani. Namba ni ileile.

#26 Fundi_Nyumba
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja nyumba. Mimi kazi yangu ni kukarabati, naingia vyumba ambavyo daktari haingii. Ukuta una unyevu, ukungu mweusi nyuma ya kabati, mende kwenye kila mwanya, watoto watatu wanakohoa. Wanapelekwa hospitali, wanarudishwa kwenye chumba kilekile.

Mwaka 1997 Marekani walichapisha utafiti wa watoto wenye pumu wa maeneo maskini ya miji minane. Watoto waliokuwa na mzio wa mende na wakati huohuo vumbi la mende lilikuwa jingi chumbani wanapolala, walilazwa hospitali zaidi ya mara tatu ya wenzao. Mende! Si paka. Kinyesi chao na maganda yao hugeuka vumbi.

#27 Jirani_wa_Tatu
Nitaonekana mkorofi, lakini hiyo tena ni kulazwa.

#28 Msomaji_Kimya
Utafiti huohuo ulikuta pia ziara zisizopangwa kwa daktari ni nyingi zaidi kwa watoto hao, kwa hiyo Fundi_Nyumba anasimama. Ugumu wake uko kwingine. Wenye nyumba za mende ndio hao walio karibu na barabara kubwa, ndio hao wasio na kliniki ya jioni, ndio hao wasioweza kununua dawa ya kinga. Ukitaka kutenga sababu moja, zinakuja zimeshikana mikono.

#29 Fundi_Nyumba
Ndiyo maana naanza na ninayoweza kuishika. Bomba linalovuja nalirekebisha kwa siku moja. Barabara siiwezi.

#30 Paka_Mweupe
Naomba kuuliza tu, paka wangu nimfukuze? Nina pumu na ninampenda.

#31 Chavua77
Pima kwanza kama una mzio naye. Wenye pumu wengi hawana mzio wa paka. Usimfukuze kwa kukisia.

#32 Mwalimu_wa_Zamu
Mimi nafundisha watoto wadogo na nina jambo ambalo halijasemwa: shule. Wiki mbili tatu baada ya kufungua, madarasa yanakohoa. Canada walilifuatilia kwa miaka mingi, wakakuta mahudhurio ya dharura ya pumu kwa watoto yanapanda kila Septemba na kufika kilele karibu wiki ya 38 ya mwaka, kama wiki mbili na nusu baada ya shule kufunguliwa. Mkosaji mkubwa ni virusi vya mafua ya kawaida, rinovirusi. Watoto wamekaa likizo bila kuambukizana, dawa ya kinga wameiacha kwa sababu walikuwa wazima, kisha wanarundikwa chumba kimoja.

Halafu mtoto anarudi nyumbani na mafua yake. Watu wazima wanapanda nyuma yao kidogo.

#33 HewaSafi
Basi Novemba na Desemba je? Moshi hauendi likizo.

#34 Mwalimu_wa_Zamu
Sikusema ni shule peke yake. Nilisema shule ina kilele chake.

#35 Mkimbiaji_Alfajiri
Mnatisha watu jamani. Paula Radcliffe ana pumu tangu utotoni na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2 dakika 15 sekunde 25, rekodi iliyodumu miaka 16. Pumu ikidhibitiwa mtu anaishi. Mimi mwenyewe nakimbia, napuliza kabla ya kuanza, sijawahi kufika dharura.

#36 Mama_Pacha
Pampu ngapi kwa mwaka, mwanangu?

#37 Mkimbiaji_Alfajiri
Mbili, mama. Na ya kinga navuta kila siku asubuhi na jioni. Nimejibu mbio kabla Hesabu_Kwanza hajatoa kikokotoo.

#38 Hesabu_Kwanza
Nilikuwa nimeshakitoa. Uko salama, endelea kukimbia.

#39 MzaziMacho
Wakuu, nashukuru, sikutegemea uzi ufike huku. Kuna mtu anajua kwa nini huwa ni usiku? Mara zote tatu tulitoka nyumbani kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Na spesa tuliyopewa imepasuka, binti anavuta pampu moja kwa moja mdomoni.

#40 NesiWaZamu
Mwili una saa yake. Karibu saa kumi alfajiri njia za hewa huwa nyembamba kuliko wakati mwingine wowote wa siku, hata kwa asiye na pumu, ila yeye hahisi. Mwenye pumu anahisi. Na saa hiyo kliniki zote zimefungwa, kwa hiyo anayeamka amebanwa hana pa kwenda isipokuwa kwetu. Hapo tena huwezi kujua namba inapima mapafu au inapima ratiba ya kliniki.

Kuhusu spesa, usisubiri. Mtoto wa miaka sita akivuta bila spesa dawa nyingi inabaki ulimini na kooni. Chupa safi ya plastiki ya mililita 500 inafaa: toboa kitako, tundu lienee mdomo wa pampu bila kuacha mwanya, funga kwa gundi au utepe, mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto waliobanwa, wakachapisha 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki walikijaribu pia, kikashindwa.

#41 Bandarini
Kwa hiyo ndugu zangu, sababu ni hewa, vumbi, radi, mende, shule, dawa au kliniki kufungwa? Nimeandika orodha na sioni pa kukata.

#42 Jirani_wa_Tatu
Inategemea siku gani umesimama mlangoni mwa dharura.

#43 HewaSafi
Hewa. Vingine vyote vinaingia kwa hewa.

#44 NesiWaZamu
Dawa. Hewa chafu inampata mwenye uvimbe na asiye nao, anayeletwa kwangu ni mwenye uvimbe.

#45 Kifua_Chuma
Nimechelewa kurudi. Nilikwenda kliniki. Wamenipulizisha kwenye kipima-pumzi, nimefika asilimia 58 ya ninavyotakiwa kwa umri na kimo changu. Nilimwambia daktari, "Lakini mimi niko sawa." Akaniuliza lini mara ya mwisho nilipanda ngazi bila kusimama. Sikukumbuka. Miaka mingi nimekuwa nikisimama ghorofa ya pili nikijifanya natazama simu.

Nimeanza dawa ya kinga, leo ni siku ya nne. Sijaona tofauti yoyote.

#46 NesiWaZamu
Siku nne ni mapema. Endelea wiki kadhaa, suuza mdomo kwa maji kila ukimaliza kuvuta. Na rudi utuambie.

#47 MzaziMacho
Kifua_Chuma, umenipa moyo wa kuandika hili. Tumefunga chupa kama Nesi alivyoelekeza hadi tupate spesa nyingine, na mke wangu ametundika karatasi ukutani. Kila akibanwa tunaandika. Wiki tatu: mara nne, dharura haikuhitajika hata mara moja.

Ila nina mgogoro na mstari wa tano. Jumanne usiku alikohoa kuanzia saa tisa hadi kupambazuka. Hakuna miluzi, hakuna mbavu kuingia. Asubuhi nilimwuliza kama alibanwa, akasema, "Hapana baba, nilichoka tu kupumua." Mke wangu anasema ihesabiwe. Mimi nilisita kwa sababu ukihesabu vya namna hii, ile moja katika kumi yangu inakuwa moja katika hamsini.

#48 Mama_Pacha
Ihesabu, mwanangu.

#49 Hesabu_Kwanza
Utafiti mwingi unahesabu shambulio pale tu mgonjwa alipohitaji vidonge vya steroidi, au kulazwa, au dharura. Kwa kipimo hicho usiku wa Jumanne haupo.

#50 NesiWaZamu
Kwa kipimo changu upo. Andika, na uandike saa.